Maswali na Majibu ya Kompyuta: saa inayorudi nyuma, flashi yenye vimshale, bando linaloisha ghafla

Kompyuta zetu za mezani ni za mtumba. Kila asubuhi tukiziwasha zinaonyesha mwaka 2009, na tovuti karibu zote zinagoma, zikisema muunganisho si salama. Fundi anashauri tununue ruta mpya. Tununue? (Mwalimu wa TEHAMA, Njombe)

Mwalimu, hiyo hela ya ruta ishikeni kwanza. Rekebisha tarehe kwa mkono kwenye kompyuta moja, kisha fungua tovuti ile ile iliyogoma. Ikifunguka, ruta haina kosa.

Kwenye madabodi (bamba kuu la ndani ya kompyuta) kuna betri ya duara, saizi ya sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayoendesha saa kompyuta inapokosa umeme. Ikichoka, saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Tovuti zinazoanza na https zina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kivinjari, programu ya kufungulia tovuti, kinasoma saa ya kompyuta, kinakuta 2009, kinaona cheti hakijaanza kutumika, kinakataa. Maabara zinazozimwa swichi kuu kila jioni humaliza betri hizi mapema zaidi, kwa kuwa usiku kucha saa inaitegemea betri peke yake.

Kuibadili: zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu wa kasha na uguse chuma chake kitupu kabla ya kugusa kitu kingine. Sukuma kibanio kilicho pembeni ya betri, nayo itachomoza yenyewe. Msiing'oe kwa bisibisi. Kishikio kikivunjika, madabodi nzima inaingia matatani. Betri mpya inakaa upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha, kompyuta inaweza kusimama ikitaka uingie kwenye mipangilio ya awali: weka tarehe na saa, hifadhi, endelea.

Nilichomeka flashi steshenari nikachapa ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Sasa kila folda ina kimshale. Kazi zangu zimefutika? (Mwanachuo, Mbeya mjini)

Pole. Mara nyingi huwa hazijafutika, zimefichwa. Usibofye hivyo vimshale hata kimoja, maana kila ukibofya unamwendesha kirusi, na usifomati flashi kwa sasa.

Ichomeke kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi iliyosasishwa (ile inayokuja na Windows inatosha), bofya kulia kwenye jina la flashi uchague Scan. Kinga ikimaliza, angalia flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Andika cmd kwenye menyu ya Start, fungua dirisha jeusi, kisha andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, usubiri. Wengi hukwama kwenye nafasi: lazima iwepo kabla ya kila kistari (-), kila mkwaju (/) na kabla ya E, lakini si kabla ya \. Folda zikijitokeza, wakati mwingine utazikuta zote ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili kazi zako kwenye kompyuta, ndipo uifomati flashi. Safari nyingine itume ripoti kwa barua pepe ikiwa PDF. Mpangilio wa kurasa hautavurugika, na flashi yako itabaki mfukoni.

Shikamooni walimu. RAM na diski vinatofautianaje? Umeme ukikatika kazi yangu inapotea. (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Tukuyu)

Marahaba. RAM hushikilia kazi kwa nguvu ya umeme tu, ukikatika inabaki tupu. Diski hutunza hata ikikaa kabatini mwaka mzima. Unachoandika kiko kwenye RAM mpaka ubonyeze Ctrl na S, kwa hiyo bonyeza kila unapomaliza aya. Word huweka nakala ya dharura kila dakika 10 isipobadilishwa, lakini dakika 10 za kuchapa ni nyingi.

UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ya VA 650 inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kompyuta moja ya mezani. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo, itaielemea. Na kwa mvua za Rungwe, radi ikianza kusikika kwa mbali, zima kompyuta na uchomoe plagi ukutani pamoja na waya wa mtandao. Kuzima swichi peke yake hakuzuii radi.

Google ndiyo intaneti? (Iringa)

Hapana. Intaneti ni mtandao unaounganisha kompyuta za dunia nzima. Google ni kampuni yenye huduma ya kutafutia tovuti zilizomo. Chrome ni kivinjari tu, programu ya kuzifungulia.

Nikimwashia kijana hotspoti asome kwenye laptop, GB 1 inaisha kabla hajamaliza somo. Simu ina kasoro? (Mzazi, Mafinga)

Simu ni nzima, mzee wetu. Laptop inaona Wi-Fi, inadhani data haina kikomo, inaanza kupakua masasisho ya Windows kimyakimya. Kwa kasi ya Mbps 8, yaani MB 1 kila sekunde, GB 1 inaisha kwa dakika kama 17.

Unganisha hotspoti, kisha fungua Settings, Network & Internet, Wi-Fi, ingia kwenye sifa za mtandao huo na uwashe Metered connection. Masasisho mengi yatasubiri. Simamisha pia programu zinazopandisha picha na mafaili zenyewe, kama OneDrive. Lakini masasisho yasizuiliwe moja kwa moja, kwa kuwa ndiyo yanayoziba matundu wanayopitia virusi. Kijana akipata intaneti isiyopimwa kwa GB, shuleni au ofisini, aiache laptop ikiwa kwenye chaja isasishe mpaka imalize.