Taa za ziada kwenye Hiace ya kulala: kabla ya kufunga relei, pima kwanza waya wa fulu

Mkuu wa Moshi, umeuliza mambo matatu: unaweza kujifungia mwenyewe spoti mbili kwenye Hiace yako uliyoitengenezea kitanda, unaweza kuchukua moto (umeme) kwenye waya wa hedlaiti ili usihangaike na waya mrefu, na zikae juu ya keria au kwenye bampa. Nimefanya hii kazi mara mbili kwenye gari yangu hapa Arusha, mara ya kwanza alifunga fundi na mara ya pili nikafunga mwenyewe, ngoja nikuelezee vizuri mana hii kitu iliniumiza.

Kufunga unaweza kabisa. Kuchukua moto kwenye hedlaiti hapana. Na juu ya keria mimi sikushauri.

Fundi wa kwanza alikuwa mtu wa mtaani tu, alifunga taa mbili za halogeni, wati 55 kila moja, akatoa waya mwembamba moja kwa moja kwenye betri mpaka swichi ya dashibodi na kutoka swichi mpaka kwenye taa. Hamna relei (swichi inayoamshwa na moto kidogo ili ipitishe moto mwingi), hamna fyuzi. Ziliwaka na mimi nikaondoka nimefurahi. Miezi kama minne baadae tunarudi kutoka Engaruka usiku, ile barabara unaijua inavyotetemesha, mama watoto na watoto wamelala nyuma, nikaanza kusikia harufu ya plastiki inaungua alafu moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi. Waya ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la chuma bila raba, ukasuguliwa mpaka ukabaki shaba tupu, ukagusa bodi, ukapiga shoti. Na kwa kuwa hamna fyuzi, betri ikaendelea kumwaga moto mpaka waya wote ukawa mwekundu. Nilisimamisha gari nikatoa watoto nje kwanza, ndo nikaenda kufungua kichwa cha betri na spana namba 10. Mtungi wa gesi ya kupikia ulikuwa mule mule ndani. Tangu siku hiyo spana namba 10 inakaa mlangoni kwangu, haiingii kwenye boksi la vifaa.

Sasa hesabu zenyewe ni ndogo tu. Wati gawanya kwa volti unapata ampea. Taa mbili za 55 ni wati 110, gawanya kwa 12 ni kama ampea 9.2. Hapo fyuzi ya 15 inatosha, na fyuzi ikae karibu na betri, yaani usizidishe sentimita 20 au 30 toka kwenye kichwa cha betri, mana fyuzi inalinda waya ulio mbele yake tu, kile kipande kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Waya tumia wa milimita 2.5 za mraba wa shaba kweli, ukikwangua ncha ukaona rangi ya fedha ndani achana nao, hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba juu. Unene wa waya sio usalama peke yake, ni mwanga pia. Kwenye gari yangu kwenda na kurudi ni kama mita 6, kwa waya wa 2.5 unapoteza kama volti 0.4, ila ukiweka ule wa nusu milimita ya mraba unapoteza kama volti 2, na halogeni ikikosa volti 2 mwanga unashuka kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo mtu ananunua taa nzuri alafu anasema hazina nguvu kumbe waya ndo umezinyima.

Na ndo sababu nakwambia usiunge kwenye waya wa hedlaiti, ule waya na ile swichi vimepimwa kwa balbu zilizokuja na gari, sio kwa balbu hizo jumlisha nyingine mbili. Kwenye hedlaiti unachukua ishara tu ya kuamsha relei, ambayo inakula moto kidogo mno, haifiki hata robo ampea. Moto wa kuwasha taa unatoka kwenye betri kupitia fyuzi.

Relei ya kawaida ina namba chini yake: 30 inapokea moto wa betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye taa, 85 na 86 ndo koili ya kuamsha. Ukipewa yenye miguu mitano, ule wa katikati ni 87a, usiutumie, wenyewe una moto wakati relei imelala, ukiunga hapo taa zitawaka muda wote ambao relei haijaamshwa, na ikiamshwa zitazima.

Hapa sasa ndo pa kutuliza akili, mana Toyota nyingi za zamani zinawachanganya hata mafundi. Ulivyofundishwa ni kwamba waya wa fulu, yaani mwanga wa mbali wa hedlaiti, unakuwa na moto ukiwasha fulu, sivyo? Kwenye Toyota nyingi ni kinyume. Balbu inapewa pozitivu ya pamoja kwenye mguu mmoja, na swichi ya dimu (mwanga wa chini) na fulu inakata na kuunga upande wa negativu. Nilipofunga mwenyewe niliunga 86 kwenye waya wa fulu na 85 kwenye bodi kama michoro ya mtandaoni inavyoonyesha, nikawasha dimu, spoti zikawaka. Nikaweka fulu, zikazima. Nilihangaika jumapili nzima nikidhani relei mbovu, nikabadilisha relei, vile vile. Kumbe ukiwa kwenye dimu ule waya wa fulu unapata volti 12 zikipitia kwenye nyuzi ya balbu yenyewe, na ukiweka fulu unaungwa kwenye negativu, yaani ethi.

Kwa hiyo kabla hujakata waya wowote, chukua maltimita, acha balbu imechomekwa, washa taa, weka ncha nyeusi kwenye bodi na nyekundu kwenye waya wa fulu. Ikisoma 12 ukiwa fulu na sifuri ukiwa dimu, gari yako ni ile ya kawaida, fuata mchoro: 86 kwenye waya wa fulu, 85 kwenye bodi. Ikisoma 12 ukiwa dimu na karibu sifuri ukiwa fulu, basi 86 peleka kwenye ile pozitivu ya pamoja ya hedlaiti, na 85 ndo uipeleke kwenye waya wa fulu. Swichi yako ya ndani ikate ule waya wa 86. Kama relei ina diodi ndani (kile kinachopitisha umeme upande mmoja tu) usigeuze hizo mbili, 86 lazima iwe pozitivu.

Faida ya kuamsha kwa fulu ni kwamba ukishusha dimu kwa anayekuja, na spoti zinazima pamoja, mkono mmoja tu. Hili kwangu sio la hiari. Njia yetu hii ya Moshi Arusha bodaboda ni wengi, unammulika mtu wa watu anakosa kuona ukingo wa barabara anaingia mtaroni. Watu wanafunga swichi ya peke yake alafu wanasahau kuzima, inaniuma kila nikikutana nao pale Usa River.

Juu ya keria nimekataa kwa sababu ya vumbi na ukungu, mwanga ukitokea juu ya macho yako unapiga chembe za vumbi zilizo mbele yako na kukurudia usoni, unaona ukuta mweupe. Alafu kutoboa paa la gari unayolala ndani yake ni kukaribisha maji kwenye godoro. Weka kwenye bampa, ila usizibe show inayopeleka hewa kwenye rejeta, ukipandisha kile kilima cha Mto wa Mbu umejaza mizigo utahitaji hewa yote.

Kuhusu LED au halogeni, saizi natumia LED na sijutii, ila usiamini namba za kwenye boksi. Zangu ziliandikwa wati 72 kila moja, nilivyopima moja inakula ampea 1.6 kwenye volti 13.8, hiyo ni wati 22. Mwanga wake unanitosha, ila nenda na maltimita dukani kama muuzaji atakubali. Angalia iandikwe IP67 angalau, ile 6 ni kuzuia vumbi na 7 ni kuzama maji mita moja kwa dakika 30. Na zile za bei ya chini sana zinaingiza mlio kwenye redio ya FM, washa redio wakati unazijaribu. Kama mbili zote unataka, weka moja ya mwanga mwembamba wa mbali na moja ya kutawanya. Kipande cha Makuyuni mpaka Kwakuchinja twiga na pundamilia wanavuka kati ya Tarangire na Manyara, na ukiwa na 80 kwa saa gari inakula mita 22 kila sekunde, ile ya mbali ndo inakupa muda, ile ya kutawanya inakuonyesha ng'ombe pembeni au lori bovu lililowekewa matawi tu.

Wewe una betri mbili bila shaka, ya gari na ya ndani. Spoti chukua ya gari, inayochajiwa na altaneta. Ya ndani iache kwa friji na taa za kulalia, na ukitaka mwanga wa kambini funga kataa kadogo pembeni, usiwashe spoti ukiwa umepaki.

Kuelekeza taa: watu wanaelekeza gari ikiwa tupu, kosa. Jaza maji kwanza, weka mtungi, weka kila kitu unachosafiri nacho, mana lita 80 za maji ni kilo 80 nyuma, mkia unashuka na pua inapanda na taa zinaangalia juu ya miti. Nilielekeza zangu kwenye ukuta wa godauni, gari mita 10 nyuma kwenye sakafu iliyonyooka, nikapiga chaki kwa kimo cha katikati ya taa, nikaweka kitovu cha mwanga chini kidogo ya chaki.

Waya upitishe kwenye mpira wa kukinga, kila tundu la chuma liwe na raba. Terminali bana kwa koleo lake, usilehemu kwa risasi peke yake, mtikisiko unakata waya pale pale risasi inapoishia. Na ukishamaliza kupima, kabla ya kukata au kuunga waya wowote fungua negativu ya betri.

Anza na kile kipimo cha waya wa fulu. Ukishapima weka hapa namba ulizopata kwenye dimu na kwenye fulu, na miguu ya relei uliyonunua, nikuambie 85 na 86 uzielekeze wapi kabla hujakata chochote.