Punje moja ya ami

Mhariri, mmeuliza wiki hii: ungerudishwa siku ya kuomba chuo, ungechagua tena ulichosoma? Mie nilisoma Sheria na Sharia, yaani sheria za nchi na sheria ya Kiislamu, shahada moja yenye vichwa viwili, kama inavyosomeshwa Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu. Jibu langu ni hapana, tena hapana ya kupiga meza.

Asubuhi mikataba na jinai, mchana usuli, yaani misingi ya sharia, na mirathi. Waliosoma sheria tupu walituona nusu mashekhe, mashekhe wakatuona nusu mawakili. Kwenye usaili wangu wa kwanza bwana mmoja alikishika cheti changu akauliza, "Sasa wewe utatusimamia kesi au utatusomea hitima?" Wenzake wakacheka. Kazi sikupata. Ukadhi nao, uhakimu wa mahakama ya Kiislamu, hapa kwetu sijaona mwanamke akikikalia kiti kile.

Lakini kuna siku moja Bumbwini. Alifariki mume wa shangazi yangu. Kaacha mke, mama yake mzazi, mabinti wawili na mdogo wake mmoja wa kiume, ambaye sote tunamwita ami. Baada ya hitima ami akatangaza kuwa nyumba na minazi ni vyake, maana marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Shangazi yumo chumbani, kakaa eda ya kufiwa na mume, anasikia yote.

Nikaomba kunde jikoni. Nikahesabu punje 24 juu ya mkeka. Nikawaambia kwanza yatoke madeni, na mahari ya shangazi iliyobaki ni deni pia. Kitakachosalia ndicho hiki. Mke thumuni, moja ya nane, punje tatu. Mama sudusi, moja ya sita, nne. Mabinti thuluthi mbili, kumi na sita, nane kwa nane. Ikabaki punje moja. Nikaisogeza mbele ya ami. Akaitazama, akamtazama shekhe wa msikiti, shekhe akainamisha kichwa kukubali. Kuku akapita akaidonoa. Wallahi hakuna aliyethubutu kucheka, ila bibi, mama wa marehemu, alijifunika uso kwa kanga.

Ami hakushindwa. "Na eka tatu je?" Hapo kunde hazikufaa tena. Hati ilikuwa ya zile eka tatu ambazo serikali iliwagawia watu baada ya Mapinduzi, na jina lililoandikwa ni la baba yao. Kwa hiyo ilibidi ianze mirathi ya mzee, ambaye ami ni mwanawe, kisha ndiyo ije ya marehemu. Tena ardhi ni ya serikali, na karatasi ile ina masharti yake. Shekhe akanyamaza, maana hilo si la kitabu chake. Mwanasheria wa mjini pengine angelijua hilo, lakini kwenye kunde angekwama. Nilikaa pale mpaka magharibi nikiandika majina.

Sasa naandika haya naona hasira zangu ni za yule bwana wa usaili, si za shahada. Wenzangu niliosoma nao wako Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wengine mahakimu, na tangu Amana Bank, benki ya Kiislamu, ifungue milango 2011 mabenki nayo yanatafuta watu wa kuandika mkataba wa murabaha, mauzo ya faida iliyotajwa badala ya riba, usiovunjika mahakamani. Anayetaka uwakili Bara ajue kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar, ambako mwaka 2022 kati ya wanafunzi 633 walifaulu moja kwa moja 26 tu. Na asiyependa Kiarabu wala hesabu za mafungu asijaribu, atateseka.

Mtoto wa dada yangu alikuja juzi na simu yake tujaze maombi. Tumeweka Sheria na Sharia chaguo la kwanza. La pili uhasibu.

Msomaji wenu, Unguja