Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kuuza Nyumba ya Kupangisha

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Arusha. Mimi na mke wangu tuna nyumba tatu ndogo za kupangisha ndani ya ua mmoja huko Moshono, ambazo tulizijenga kidogo kidogo kuanzia mwaka 2008 kwa mshahara na mikopo ya SACCOS. Sasa tunataka kuziuza kwa pamoja. Dalali anatushauri tuwatoe wapangaji, tuweke vigae na dari ya jipsamu, kisha tupandishe bei. Mnunuzi wa kwanza aliyejitokeza yuko tayari kuzichukua jinsi zilivyo, ila anataka mkataba uonyeshe nusu ya bei ili kodi ipungue. Hati ina jina langu, lakini pango la ardhi hatujalilipa kwa miaka kadhaa. Tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, tuanze na huyo mnunuzi, kwa kuwa ombi lake ndilo linaloweza kuwaumiza kuliko mengine yote. Usikubali kuandika nusu ya bei. Mbali na kwamba ni udanganyifu mbele ya sheria, unajinyima silaha ya pekee uliyo nayo mambo yakiharibika: mnunuzi akilipa kiasi kilichoandikwa na kukaa na kile kisichoandikwa, utamdai mahakamani kwa karatasi ipi? Tena hesabu yake haina uhakika, kwa sababu uhamisho wa miliki huambatana na ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na bei iliyo chini mno ya thamani hiyo haiwezi kupita bila kuulizwa. Mweleze pia kwamba siku atakapouza yeye, gharama yake ya kununulia itahesabiwa kwa ile bei ndogo, na faida yake itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kodi yenyewe, yaani kodi ya ongezeko la mtaji, wengi huiogopa bila kuifahamu. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10, na haitozwi kwenye bei yote bali kwenye faida. Tuseme nyumba zimeuzwa kwa shilingi milioni 120, na mnaweza kuthibitisha kwamba kiwanja, ujenzi na gharama za kuuza viliwagharimu milioni 70: faida ni milioni 50, na kodi ni milioni 5. Neno la kuzingatia hapo ni kuthibitisha. Kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, kaeni ninyi wawili mkusanye mkataba wa kununulia kiwanja, risiti za saruji, nondo na mabati, makubaliano mliyoandikiana na mafundi, na hata taarifa za mikopo ya SACCOS zinazoonyesha fedha zilitoka lini. Karatasi ambazo zimelala kabatini tangu 2008 zina thamani leo kuliko vigae. Ule msamaha wa nyumba ya makazi, unaomhusu aliyeimiliki na kuishi humo kwa miaka mitatu au zaidi na faida yake isizidi shilingi milioni 15, hautawafikia, kwa kuwa ninyi hamkuishi Moshono. Kodi hii hulipwa kabla ya uhamisho kusajiliwa, na bila cheti cha Mamlaka ya Mapato Msajili wa Hati hatasajili jina jipya.

Deni la pango la ardhi, yaani ile kodi ya kiwanja inayolipwa serikalini kila mwaka, lisiwatie hofu, lakini lisisubiri mnunuzi. Nendeni ofisi ya ardhi, mpewe namba ya malipo, mlipe na mtunze stakabadhi. Mkiwa huko, ombeni upekuzi rasmi wa hati yenu wenyewe, jambo ambalo wauzaji wengi humwachia mnunuzi na kisha wakashtushwa naye. Linganisheni namba ya kiwanja, kitalu na ukubwa na vile vilivyoandikwa kwenye hati, na mhakikishe kwamba, kama hati iliwahi kuwekwa rehani, rehani hiyo imeondolewa kwenye daftari, maana kumaliza mkopo ni jambo moja na kufutwa kwa rehani ni jambo jingine. Halafu tafuteni bikoni zote, yaani alama za zege zinazoonyesha mipaka ya kiwanja. Katika viwanja vilivyozungushiwa ukuta baadaye, si ajabu kukuta bikoni moja imefunikwa na zege la msingi wa ukuta au imemezwa na mizizi ya michongoma, na mnunuzi makini akikosa kuiona atadai punguzo au atasita kabisa. Mpima aliyesajiliwa anaweza kuirejesha, na ni heri afanye hivyo sasa.

Kuhusu ukarabati, sikubaliani na dalali wenu. Anayenunua nyumba ya kupangisha hatafuti pa kulala. Anapiga hesabu ya kodi ya wapangaji atakayokusanya na matengenezo yatakayomkuta. Vigae na jipsamu ataweka mwenyewe kwa namna aipendayo, na fedha mtakazotia humo huenda zisirudi. Tengenezeni kile ambacho kikionekana kitamfanya awaze ubovu asiouona. Misumari ya bati iliyolegea na alama za maji kwenye dari zishughulikiwe kabla ya masika, kwa sababu mnunuzi wa mwezi Aprili atatazama juu kwanza. Zibeni nyufa za plasta, badilisheni koki zinazovuja, iteni gari la kunyonya maji taka ya shimo la choo, na mpake upya ile sehemu ya chini ya ukuta ambayo matone ya mvua huirushia udongo mpaka ikawa nyekundu. Kazi hiyo ni ndogo kwa gharama, na hubadilisha ua mzima.

Wapangaji msiwatoe. Nyumba tatu zenye wapangaji wanaolipa kwa wakati ni ushahidi kwamba mali inaingiza kipato, ilhali nyumba tatu tupu hubaki kuwa maneno ya muuzaji. Waambieni mapema na kwa heshima kwamba mnauza, andikianeni mikataba kama hapakuwa na maandishi, na mkataba wa mauziano utaje kila mpangaji amelipa hadi mwezi gani, kwa sababu aliyewalipa ninyi kodi ya mwaka hawezi kudaiwa tena na mwenye nyumba mpya. Malizaneni nao pia kuhusu kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye LUKU: mpangaji ndiye anayenunua umeme, lakini mzigo huo ni wa mwenye nyumba.

Mwisho, mke wako atie saini ya ridhaa hata kama hati ina jina lako peke yako. Mmejenga pamoja, na hakuna wakili mwangalifu wa upande wa mnunuzi atakayekubali vinginevyo. Dalali apewe nakala ya hati, kamwe asipewe hati halisi, na asilimia yake iandikwe kabla hajaleta mteja mwingine.

SWALI: Nauza nyumba yangu ya kupangisha Soweto, Moshi. Mnunuzi anataka kulipa kwa awamu nne huku akianza kupokea kodi za wapangaji mara moja. Je, nikubali? – Msomaji, Moshi

JIBU: Awamu kubali, kodi usiziachie. Mkataba uliosimamiwa na wakili useme tarehe na kiasi cha kila awamu, malipo yapite benki, kodi iendelee kuwa yako mpaka awamu ya mwisho iingie, na hati ibaki kwa wakili mnayemwamini wote wawili. Iandikwe pia nini kitatokea akishindwa katikati: atarejeshewa kiasi gani, na ndani ya muda gani. Akikataa kipengele hicho, mtafute mnunuzi mwingine.