Kuhusu chumvi katika vitafunio vya wanafunzi

Dada, umeuliza kama kripsi na smokie (zile soseji za moshi) ambazo kijana wako hununua kila jioni akishuka matatu Umoja zina chumvi ya kutia wasiwasi, ilhali nyumbani mnapika kwa chumvi kidogo. Naam, zinayo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai katika vyakula vyote, na watoto wapate kidogo zaidi. Soma nyuma ya pakiti: idadi ya sodiamu, madini yaliyo ndani ya chumvi, izidishe kwa 2.5 upate chumvi yenyewe, hivyo miligramu 600 za sodiamu ni gramu 1.5 za chumvi. Ila uangalie kama hesabu hiyo ni ya pakiti nzima au ya gramu 100 tu, kwani hapo ndipo wengi wetu hukosea. Smokie naiogopa zaidi, kwa sababu hutiwa chumvi kiwandani, kisha mwuzaji huongeza nyingine kwenye kachumbari. Usimkataze ghafla, nakusihi, maana ulimi huzoea chumvi kidogo polepole, kwa majuma kadhaa. Mfungie njugu zisizo na chumvi, ndizi au kipande cha nduma.