Kabla Hujapaka Rangi Kibao cha Baa

Kila baada ya wiki chache hunijia ujumbe wa namna moja: "Dada, nataka kufungua baa ya zile bia za viwanda vidogo. Jina nimeshapata." Mmoja yuko Minneapolis, mwingine Dallas, na mwaka huu wawili wamenitafuta kutoka Arusha na Nairobi. Hawaniambii wamepata chumba, wala leseni, wala fundi wa kusafisha mirija ya mabomba ya bia. Wamepata jina. Nami huwajibu kwa swali lile lile: umeshamuuliza nani?

Nimesimama nyuma ya kaunta Denver, Colorado, miaka kumi na mmoja sasa, minane nikiwa nimeajiriwa na mitatu kwenye baa yetu mimi na mwenzangu. Ni mji unaoheshimu baa. Mwaka 1988 watu kadhaa walikusanya fedha wakafungua Wynkoop, baa inayopika bia yake yenyewe ndani ya bohari kuukuu, na mmoja wao, John Hickenlooper, baadaye akawa meya wa mji, kisha gavana, kisha seneta. Kwenye kaunta za mji huu watu hutafutiana kazi, huchangiana misiba na kupatanisha waliogombana. Kwa hiyo ukifungua baa hapa unaingia kwenye ujirani wa watu waliokutangulia, na jina lako ndiyo hodi yako.

Mimi nimekulia Marangu, na mama yangu alikuwa mpishi wa mbege. Ndizi mbivu zilichemshwa, zikaachwa siku kadhaa, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi na gome la msesewe la kutia uchungu. Nilipoanza kazi huku, mpishi mmoja wa bia alinieleza kwa subira kubwa kazi ya hopsi, ua linalotiwa kwenye bia: ndiyo inayoleta uchungu ili utamu wa kimea usikinaishe. Nikamwambia kwetu hiyo ni kazi ya msesewe. Tangu siku hiyo sikuiona tena biashara hii kama mali ya watu wengine.

Mama hakuwahi kutunga jina la pale alipouzia mbege. Wateja ndio waliopataja. Palikuwa na mparachichi uani, basi pakaitwa Parachichini. Mti ulikatwa nikiwa darasa la tano, jina likabaki. Ndivyo majina yetu mengi yalivyozaliwa. Kule Dar es Salaam, anayeshuka kituo cha Buguruni Sheli au Sinza Kwa Remmy anashuka mahali palipotajwa na midomo ya watu. Na pale Parachichini kulikuwa na adabu ambayo hakuna aliyeiandika ukutani. Kata ya kunywea ikijaa, mama alionja kwanza yeye mbele ya macho ya watu, ndipo akampa mzee kuliko wote, naye akanywa akaipitisha. Hukuishikilia kata huku unapiga hadithi. Mwenzako alikuwa anangoja.

Adabu za baa hizi za Marekani si ngeni sana kwa aliyelelewa hivyo, ila kuna mambo yanayowakwaza ndugu zetu, na mengine yanayowakwaza wenyeji.

Kuonja kwanza. Mhudumu atakupa onjo kidogo bure, na ni haki yako kuomba. Omba mbili, au tatu kama hujui kabisa unachotaka, kisha amua. Jumamosi usiku, foleni imefika mlangoni, usianze kuonja mabomba yote ukutani. Bakshishi ni dola moja kwa glasi au asilimia 20 ya bili, na usiikwepe kwa sababu hukuzoea, maana mshahara wa mhudumu umepangwa kwa kutegemea hiyo.

Halafu kuna suala la glasi. Mwaka wangu wa kwanza alikuja kaka mmoja Mtanzania na wenzake wa kazini. Aliagiza stauti, bia nyeusi nzito, ya asilimia kumi, nikamletea kwenye glasi ndogo yenye mguu, kama mililita 300. Akaitazama ile glasi, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama nimeamua kumdhalilisha mbele ya wenzake. Alikuwa ameumia kweli. Nilichukua kalamu nikamwekea hesabu nyuma ya risiti: chupa ya bia yetu ya Safari ya mililita 500, yenye asilimia 5.5, ina mililita 27 na nusu za kilevi, na kijiglasi kile kilikuwa na 30. Akasoma, akakunja risiti, akaitia mfukoni. Aliinywa ile stauti kwa saa nzima. Siku hizi yeye ndiye anayewaeleza wageni wake kabla sijafungua mdomo.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niogope raundi. "Zungusha kama tulivyo" ni neno la ukarimu, na nalipenda, lakini kwenye baa ambayo mmoja anakunywa ya asilimia nne na mwingine ya kumi, kuzungusha bila kuuliza ni kumlewesha mtu bila ridhaa yake, na wengi wamekuja na magari. Muulize kila mmoja anataka nini na anaondokaje. Lile swali letu la "baridi au ya moto?" nalo halina nafasi sana hapa. Bia nyepesi huja baridi; stauti na bia nzito hupozwa kidogo tu, nyuzi kumi hadi kumi na tatu, kwa sababu kwenye glasi iliyogandishwa huisikii ile harufu uliyoilipia.

Kosa baya kuliko yote ni la wenyeji. Mtu anaingia kwa mara ya kwanza, anaomba bia ya kawaida ya kiwanda kikubwa aliyozoea, na wale wanaojiona wajuzi wanacheka. Nimeona mama mmoja, mgeni, akiinua mkoba wake na kutoka kwa sababu ya kicheko cha namna hiyo, na sikuwa na ujasiri wa kusema kitu kwa sababu nilikuwa mwajiriwa. Kwenye baa yangu nalisema hilo wazi, na nimemwambia mteja wa kudumu aombe radhi au aende. Anayeomba bia ya kawaida humiminiwa pilsna, bia nyepesi, ya kiwanda cha jirani, bila hotuba. Parachichini hakuna aliyechekwa kwa kuomba togwa.

Na usimseme vibaya mpishi mwingine mbele ya wateja. Wiki ijayo utaishiwa kimea Alhamisi jioni na yeye ndiye mwenye gunia la ziada.

Sasa jina.

Mimi na mwenzangu tulichagua Tembo. Neno moja, maana mbili: mnyama, na pombe ya mnazi. Sikuona neno la Kiswahili linalofaa baa kuliko hilo. Tena kwetu bia na ndovu vimekaa pamoja muda mrefu: Tusker ya Kenya ilipata jina lake mwaka 1923, baada ya ndovu kumuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, na Tanzania tuna bia iitwayo Ndovu. Nilipomtajia jina mteja wetu Mkongo alifurahi, akasema Tembo ni bia ya kwao Lubumbashi, pamoja na Simba. Nilipokea furaha yake kama baraka. Lilikuwa onyo, nami sikulisikia.

Tulipaka kibao, mbao nzuri ya mwaloni, herufi tano za rangi ya machungwa. Tukachapisha glasi 288. Tukapeleka maombi ya kusajili jina kama alama ya biashara. Wiki tatu kabla ya kufungua ikaja barua ya kurasa mbili kutoka kwa wakili wa kiwanda cha bia cha jimbo lingine, chenye ndovu kwenye jina la bia yake. Tuache kulitumia jina mara moja, glasi zote ziharibiwe, kibao kishushwe.

Nilikuwa nimetafuta kwenye kumbukumbu za usajili, ila nilitafuta neno "tembo" tu. Sikujua kwamba Marekani maombi yenye neno la kigeni lazima yaje na tafsiri yake ya Kiingereza, na kwamba wakaguzi huweza kulilinganisha jina lako kwa maana yake, si kwa sauti tu. Kile kisanduku cha tafsiri nilikijaza kwa mkono wangu mwenyewe: elephant. Na maombi hayo yako wazi, yeyote anaweza kuyasoma.

Kwa hiyo ndugu yangu, Kiswahili hakikufichi. Tafuta neno lako kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake, kwa maneno yanayosikika karibu nalo, na tazama hata picha. Maombi hupangwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma: bia iko daraja la 32, mvinyo na pombe kali la 33, huduma za baa na migahawa la 43, lakini usidhani ukikaa kwenye 43 mtu wa 32 hakuoni. Kutafuta ni bure kwenye tovuti ya ofisi ya alama za biashara ya Marekani. Kuomba, tangu Januari 2025, ni dola 350 kwa kila daraja, na hazirudishwi. Mlipe wakili saa moja kabla ya kumlipa fundi rangi. Ninyi wa nyumbani pia msichanganye mambo: kusajili jina la biashara hakukupi alama ya biashara. Tanzania Bara yote mawili yako BRELA, wakala wa usajili wa biashara, lakini ni maombi mawili tofauti. Kenya, alama za biashara ziko KIPI, taasisi ya haki miliki, na jina la biashara husajiliwa kwingine.

Kuna majina mengine ambayo sheria itayapitisha na bado hayafai. Jamaa mmoja alitupendekezea jina la kejeli kuhusu maumbile ya wanawake, akasema wateja watalikumbuka. Mimi ni mtoto wa mwanamke aliyetusomesha kwa pombe aliyoipika, na sikutaka kulizungumzia zaidi. Chama cha wapishi wa bia cha Marekani, Brewers Association, kilibadilisha kanuni zake mwaka 2017: bia yenye jina la matusi au la kudhalilisha ikishinda kwenye mashindano yake, jina hilo halisomwi jukwaani. Hata mshindi hapati kutajwa.

Baada ya barua ile nililala siku mbili nikiwa na hasira. Mwenzangu ndiye aliyenikumbusha kisa ambacho kila mtu wa kaunta huku anakijua. Wapishi wawili wa bia, Adam Avery wa Boulder, jirani zetu hapa, na Vinnie Cilurzo wa kiwanda cha Russian River kule California, waligundua kwamba kila mmoja ana bia iitwayo Salvation. Wakakaa chini, wakazichanganya zile bia mbili, na mwaka 2006 wakatoa bia moja yenye jina linalosema ushirikiano badala ya mahakama. Kinyume chake tulikiona Januari 2015, kiwanda cha bia cha Lagunitas kilipokishtaki kiwanda cha Sierra Nevada kwa sababu ya mwonekano wa herufi tatu, IPA, kifupi cha aina ya bia chungu, kwenye lebo. Wanywaji walikasirika mtandaoni, na wiki haikwisha kabla shauri halijaondolewa.

Nikamwomba wakili wetu ruhusa, nikampigia simu mwenye kile kiwanda mwenyewe. Nilijitambulisha, nikamweleza neno tembo lina maana gani kwetu, nikamweleza mnazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Kwa nini hukunipigia kabla?" Alisema ningemwuliza mapema huenda tungeandikiana makubaliano, yeye abaki na bia yake, mimi na baa yangu. Lakini wakili wake alikuwa ameshaandika, washirika wake walikuwa wameshaogopa, na jambo likifika kwenye karatasi hurudi nyuma kwa shida. Alitupa siku tisini za kumaliza zile glasi. Niliona ni uungwana, na nimeshamnunulia bia mara mbili tangu hapo.

Ndiyo maana nawauliza ninyi: umeshamuuliza nani? Mpigie mwenye jina linalofanana na lako. Tembelea baa nne za jirani, keti, nunua bia, toa bakshishi, sema, "Nafikiria kujiita hivi, mnaonaje?" Litamke jina mbele ya mtu asiyejua Kiswahili, uone kama atalirudia kesho. Mtajie na mzee mmoja wa kwenu, kwa sababu neno lisilo na ubaya Moshi linaweza kuwa tusi Mombasa.

Jina tulilonalo leo hatukulitunga sisi. Mlango wetu una ngazi tatu za mawe, na waliokuja kutusaidia kupaka rangi walikuwa wanaambiana kwa simu wakutane kwenye zile ngazi. Tukawauliza majirani, tukatafuta kwa njia zote nilizotaja, tukaliandikisha hilo. Kile kibao cha mwaloni sikuweza kukichoma. Fundi alikipiga miguu minne kikawa meza ya pembeni, karibu na dirisha, herufi zimeangalia chini. Ukikaa pale ukapitisha vidole chini ya ubao, unaigusa T.