Uliza Fundi: Neno la siri ni lilelile, mbona kompyuta inanikataa?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni karani wa mikopo katika tawi la chama cha akiba na mikopo hapa Kondoa. Seva yetu, ile kompyuta kuu, iko makao makuu, Dodoma. Wiki ya pili sasa, umeme ukikatika usiku, asubuhi kompyuta yangu inawaka na tarehe ya mwaka 2015. Naiweka sawa kwa kufuata simu, lakini programu bado inanikataa. Neno la siri limebadilishwa mara tatu. Nikikaa kwenye kompyuta ya mwenzangu naingia vizuri. Meneja anasema mimi ni msahaulifu, eti niwe natumia jina la mwenzangu. Nifanyeje?
Karani, Kondoa

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hujasahau kitu. Neno lako lingekuwa na kasoro, lisingekubaliwa kwenye mashine ya jirani. Mimi naishuku saa.

Seva nyingi za maofisini huwatambua watu kwa utaratibu uitwao Kerberos, uliozaliwa chuo cha MIT, Marekani, katika mradi ulioanza 1983. Windows wanautumia tangu Windows 2000. Uzuri wake ni kwamba neno lako la siri halisafiri kabisa kwenda Dodoma. Kompyuta yako inachukua saa ya wakati huo, inaifunga kwa ufunguo uliotokana na neno hilo, ndipo inaituma. Seva inafungua, inalinganisha na saa yake. Zikipishana zaidi ya dakika 5, kwa kawaida inakataa. Na ina haki! Bila hivyo, mtu aliyeunasa ujumbe wako jana angeutuma leo akaingia kwa jina lako. Ukikubaliwa unapewa tiketi, mara nyingi ya saa 10, unayoonyesha kwa kila programu. Ni kama tiketi ya basi pale stendi ya Nanenane: ina jina lako na tarehe, na ya jana kondakta haipokei.

Utasema, "Lakini saa nimeiweka sawa." Hapo ndipo nilipohangaika asubuhi nzima Mpwapwa mwaka jana. Uso wa saa ulilingana na simu yangu hadi dakika, kumbe aliyeweka Windows aliacha majira (time zone) ya London. Kwa hiyo saa ya dunia, ambayo kompyuta huihesabu ndani kutokana na majira hayo, ilikuwa imepotea kwa saa tatu. Fungua mipangilio ya saa, tafuta orodha ya majira, chagua Nairobi. Dodoma hutaiona humo, lakini saa ni moja. Kisha rekebisha saa na tarehe.

Halafu fundi abadilishe betri ya mazabodi (bodi kuu ndani ya kompyuta), ile bapa kama sarafu, mara nyingi huandikwa CR2032. Imekufa, ndiyo maana unarudishwa 2015.

Linaloniuma ni hilo la jina la mwenzako. Kama umeshalitumia, kila mkopo uliouingiza kwa jina hilo umeandikwa kuwa ni wa kwake. Mkopaji mmoja akikwama, ataitwa yeye aeleze faili asilowahi kulishika. Leo hii kaeni wawili, andikeni namba ya kila mkopo ulioingiza kwa jina lake na tarehe yake, tieni sahihi wote, nakala moja iende kwa mhasibu mkuu Dodoma. Mwenzako naye abadilishe neno lake la siri kabla hamjafunga ofisi.