Atatafuta au atafuta? Maswali yenu kuhusu sikio, mdomo na vidole

Swali: Kazi yangu ni kuandika taarifa. Juzi nilichapa "mpelelezi atafuta ushahidi" nikikusudia "atatafuta". Kompyuta haikupiga mstari mwekundu, nami nilisoma mara mbili bila kuliona kosa. Silabi hizi hupoteaje, na nizikamateje?

Jibu: Kompyuta haina kosa. "Atafuta" ni neno halali la kitenzi *kufuta*, na mpelelezi wako sasa anaharibu ushahidi badala ya kuusaka. Mtego huu unatokana na umbo la kitenzi cha Kiswahili: kiambishi cha wakati hukutana na mzizi unaoanza kwa silabi ileile. *-Ta-* inakutana na *tafuta*, *tatua*, *tazama*. *-Po-* inakutana na *pokea* na *potea*. *-Ka-* inakutana na *kataa*. *-Li-* inakutana na *lipa* na *linda*. Akili ikishaamuru "ta" mara moja, vidole huona kazi imekwisha. Kwa hiyo "kamati itatatua mgogoro" inakuwa "itatua", kana kwamba kamati ni ndege. "Atatazama" inakuwa "atazama", na mtu wa watu amekwenda chini ya maji.

Macho hayakuona kwa sababu sikio la ndani liliridhika. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo hakuna kilichobadilika: ata-ta-FU-ta, ata-FU-ta. Mkia wa neno unasikika vilevile.

Kusoma kwa sauti husaidia, ila kwa masharti. Ukisoma kwa kasi ya mazungumzo, mdomo utakurudishia silabi iliyokosekana bila kukuuliza. Gonga meza kwa kila silabi: *a-ta-ta-fu-ta* ni mapigo matano, *a-ta-fu-ta* manne. Ikiwa maandishi ni marefu, mpe mwenzako asome, au iachie kompyuta isome yenyewe. Haina huruma ya kukusahihishia.

Njia ya haraka zaidi ni hii: neno lililopoteza silabi bado lina mzizi kamili ndani yake. "Atafuta" ina *tafuta*, "itatua" ina *tatua*, "anapokea" ina *pokea*. Basi fungua sehemu ya kutafuta maneno, andika mzizi mmoja baada ya mwingine, na kila unapotokea jiulize kama kiambishi cha wakati bado kipo. Mizizi minane au tisa inatosha kwa taarifa nyingi.

Swali: Mawazo yananikimbia. Ninapofika katikati ya sentensi, mwisho wake nimeshausahau. Je, nichape kwa kasi zaidi?

Jibu: Tupige hesabu kwanza. "Hawatakuja kesho asubuhi" ina silabi 11, na mzungumzaji wa kawaida huzimaliza kwa takriban sekunde 2. Kwenye kibodi sentensi hiyo ni mibonyezo 24, nafasi zikihesabiwa. Wapimaji wa kasi huhesabu mibonyezo 5 kuwa neno moja, kwa hiyo mchapaji wa maneno 40 kwa dakika anapiga mibonyezo 200, na sentensi hiyo inamchukua sekunde 7 na kidogo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, uliotolewa mwaka 2018 na kuhusisha watu zaidi ya 168,000, ulipata wastani wa maneno 52 kwa dakika. Hata hao mdomo unawaacha mbali.

Kwa hiyo kasi itapunguza pengo tu, haitaliziba. Kinachosaidia zaidi ni kusema sentensi nzima moyoni kabla ya kugusa kibodi, kisha kuichapa bila kurudi nyuma kusahihisha. Kila unapofuta herufi moja katikati, sentensi uliyoishika kichwani hulegea. Acha makosa yakae hadi nukta.

Kama bado unajifunza kuchapa bila kuangalia vidole, tumia metronomu, kifaa kinachopiga mapigo kwa mwendo sawa: mapigo 60 kwa dakika, silabi moja kwa pigo. Kiswahili kinafaa sana hapa, maana silabi nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. Kumbuka *m* ya "mtu" ina pigo lake, na silabi kama *nywa* itakubana. Ipe mapigo mawili. Ukimaliza dakika mbili na makosa yasiyozidi mawili, ongeza mapigo 5. Ukishazoea, iache. Mikono ya mchapaji hodari hailingani kama saa: herufi za mikono miwili hufuatana upesi, za kidole kimoja huchelewa. Tena kibodi ya kawaida imemtwika kidole kidogo cha kushoto herufi *a*, nasi tunaipenda mno. Chapa "watafaa" uone: mkono wa kulia haujagusa kitu, na kidole hicho kimepiga mara nne.

Swali: "Kwahiyo" au "kwa hiyo"? Na kwa nini "unafanyaje" si "unafanya je"?

Jibu: "Kwa hiyo", maneno mawili. Sikio linadanganya hapa kwa sababu *kwa* ina silabi moja, haina mkazo wake, nayo huegemea neno linalofuata. Jaribu kupenyeza neno katikati: "kwa *hali* hiyo", "kwa *sababu* hiyo". Likipenya, tenganisha.

Kwa *-je* sikio linasema kweli. Tamka "anasema": mkazo uko kwenye *se*. Sasa "anasemaje": mkazo umehamia *ma*. Umehama kwa kuwa neno limerefuka, kama *nyumba* inavyokuwa *nyumbani*. Ile "Je" ya mwanzo wa swali ni nyingine. Husimama peke yake na kufuatwa na mkato.

Swali: Nilifundishwa kuweka mkato pale ninapovuta pumzi. Mhariri hufuta nusu yake.

Jibu: Mhariri yuko sahihi. Baada ya kiima kirefu sauti hupanda na kutua, lakini kiima hakitengwi na kitenzi chake: "Wanafunzi wote waliofika jana jioni walilala mapema", bila mkato. Pumzi na mkato hukubaliana pale sharti linapotangulia: "Mvua ikinyesha, tutaahirisha." Geuza, "Tutaahirisha mvua ikinyesha", na vyote viwili vinaondoka.

Swali: Nikiongea na simu iniandikie, nizingatie nini?

Jibu: Vipande vya maneno manane hadi kumi, kisha kituo kifupi. Usikate neno katikati: "ana… kuja" itaandikwa maneno mawili. Tamka *h* kwa nguvu, maana "hana" ikisikika "ana" umekubali ulichokanusha; baada ya kumaliza, pitia kila kanusho kabla ya jambo lingine lolote. Halafu futa "yaani" na "halafu" zilizojazana. Mdomo huzitumia kununua muda wa kufikiri, na msomaji hana haja nazo.